Maswali ya Wasomaji: Manowari ya Chuma Haikimbizi Mtumbwi

Barua za safari hii zimetoka kwa makundi mawili: wanaocheza Civilization V kwenye kompyuta, na wanaocheza mezani kwa karatasi ya pembesita (vigae vya pande sita) na dadu. Malalamiko yao yanafanana. Manowari ya deraya, yaani meli ya mvuke iliyovikwa mabamba ya chuma, inagharimu sana, inatisha kwa sura, halafu inazama au inazunguka bila faida. Namba zote za Civilization V tunazotaja ni za gemu lenye nyongeza ya Brave New World, kwa mwendo wa kawaida.

Swali: Wahariri, habari za kazi. Nilijenga manowari 6 za deraya nikazituma kuvuka bahari kuu kwenda kuteka mji wa jirani. Kabla hazijafika, frigeti za jamaa (meli za matanga zenye mizinga) zikaanza kuzidonoa moja moja mpaka zikaisha. Nguvu 45 kwa 25, nimeshindwaje? (Mchezaji wa Sinza)

Jibu: Ndugu wa Sinza, angalia mwendo kabla ya nguvu. Manowari ya deraya ina hatua 3 kwa zamu, na kwenye maji ya pwani mwendo huo huwa maradufu. Vigae 12 vya pwani inavimaliza kwa zamu 2. Vigae 12 vya bahari kuu vinakula zamu 4. Frigeti ina hatua 5 popote pale na inapiga kutoka umbali wa vigae 2. Ukiingia bahari kuu, mwenye frigeti ndiye anayechagua saa ya kupigana, na bila shaka atachagua saa ambayo frigeti zake zote zimefika na meli zako zimetawanyika.

Sasa hesabu. Frigeti ina nguvu 25 ya kujilinda na 28 ya kupiga kwa mbali. Ikiipiga manowari yako iliyo nzima, inakata kama pointi 22 kati ya 100 za uhai wake. Frigeti 5 zikilenga meli moja katika zamu moja, meli hiyo imekwenda. Wewe ukiishambulia frigeti nzima unakata kama pointi 46, na wewe unapoteza kama 20. Mapigo 2 yanafika 92. Zile 8 zilizobaki ndizo zilizokumaliza: frigeti yenye pointi 8 inarudi bandarini, inajitengeneza, na baada ya zamu chache inakukuta tena wewe ukiwa na majeraha yaleyale. Meli ikiwa nje ya maji ya nchi yake haijitengenezi, isipokuwa imepandishwa daraja hadi kupata uwezo wa ugavi.

Dawa yake ni kuchanganya. Frigeti yako ikiipiga frigeti ya adui inakata kama 32. Frigeti 2 zikitangulia kupiga, manowari 1 ya deraya inamalizia, na hakuna anayetoroka. Kwa hiyo badala ya deraya 6, jenga deraya 3 na frigeti 4. Deraya zikae mbele zipokee mapigo, frigeti kigae kimoja nyuma yao, na karaveli moja (meli nyepesi ya zama za nyuma) itangulie kuchungulia, maana ina hatua 4 na inaona mbali. Usiwe na haraka ya kuzibadili karaveli zote kuwa manowari za deraya, hata kama dhahabu ipo. Bakiza moja iwe jicho.

Njia ya kupita nayo ina maana. Fuata pwani hata kama ni mzunguko. Penye ulazima wa kukata bahari kuu, kata pale penye vigae vichache, na meli zote zianze kuvuka zamu moja. Ukifika ng'ambo usikimbilie mji mkuu. Teka kwanza mji mdogo wa pwani, maana ukishakuwa wako maji yake ni yako, na meli zinaanza kujitengeneza hapo. Kama hakuna mji mdogo, haribu mashua za uvuvi za adui: kila uharibifu unairudishia meli pointi 25. Wachezaji wengi wanaona huo ni wizi wa kitoto. Kwa manowari iliyo mbali na nyumbani ndiyo hospitali pekee.

Kuhusu mji wenyewe: manowari ya deraya ina nyongeza ya asilimia 33 inaposhambulia mji, kwa hiyo 45 inafanya kazi kama 60. Hilo lisikudanganye ukaanza nayo. Mji una pointi 200, na kila ukiugonga kwa karibu unajibiwa. Frigeti zipige mpaka mji ubaki na pointi chache, ndipo deraya iingie. Frigeti haiwezi kuteka mji hata ukibaki na pointi sifuri. Lazima iingie meli ya kupigana kwa karibu, na hapo ndipo pesa uliyotumia kwenye chuma inapolipa.

Swali: Mhariri, kwangu manowari zimeshuka nguvu ghafla katikati ya vita bila kupigwa. Nilikuwa nazo 5 na makaa ya mawe 5. (Msomaji wa Kigamboni)

Jibu: Kila manowari ya deraya inashika fungu 1 la makaa ya mawe muda wote ikiwa hai, na kila kiwanda mjini kinashika 1. Wewe ulikuwa huna akiba hata moja. Ukipungukiwa, meli zote zinazotegemea makaa zinashuka nguvu kwa pamoja, hata zile zilizojengwa zamani.

Sababu zinazojitokeza zaidi ni mbili. Ya kwanza, umejenga kiwanda nyumbani ukiwa na akili yote vitani. Ya pili ni mbaya zaidi: makaa uliyanunua. Mkataba wa biashara una zamu 30, na unakufa siku ileile unapotangaza vita na muuzaji. Mtu ananunua makaa kwa jirani, anajenga manowari, anamvamia jirani huyohuyo, halafu anashangaa. Nunua kwa mtu usiyekusudia kumgusa, andika pembeni zamu ya mwisho ya mkataba, na bakiza makaa 1 au 2 bila kazi.

Jambo jingine: makaa ya mawe hayaonekani kwenye ramani mpaka ugundue teknolojia ya viwanda, wakati manowari yenyewe inatokana na nguvu ya mvuke. Ukikimbilia mvuke bila kuhakikisha makaa unayo, unaweza kuwa na ruhusa ya kujenga meli usiyo na cha kuilisha.

Swali: Shikamooni. Sisi ni kikundi cha watu wanne, tunacheza mezani pambano la Hampton Roads kwa dadu za pande sita. Tumejaribu kanuni mbili. Kwa ya kwanza Monitor inaizamisha Virginia kila mara. Kwa ya pili hakuna kinachotokea mpaka watu wanalala. Tutengenezeeni kanuni. (Kikundi cha Upanga)

Jibu: Marahaba. Kanuni zote mbili zina kosa moja: zinaamua mchezo kwa kuzama. Machi 9, 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, meli hizo za deraya, Monitor ya Kaskazini na Virginia ya Kusini, zilipigana kama saa 4 na hakuna iliyotoboa nyingine. Lililogombewa lilikuwa Minnesota, meli ya mbao ya Kaskazini iliyokwama mchangani. Virginia ilitaka kuimaliza, Monitor ilitaka kuilinda. Weka hilo liwe ushindi, na mchezo wenu utaamka.

Vipimo kwanza. Zamu 1 iwe dakika 5, pembesita 1 iwe mita 300. Meli ya maili 6 za bahari kwa saa inakwenda kama mita 926 kwa dakika 5, kwa hiyo Monitor ipewe hatua 3. Virginia, yenye mashine chakavu, tuihesabie maili 5: mita 772, yaani hatua 2. Kugeuka ndiko kunakowapotezea watu wengi. Virginia ilihitaji zaidi ya nusu saa kukamilisha mzunguko mmoja. Dakika 30 ni zamu 6, na pembesita ina pande 6: basi inageuka upande 1 tu kwa zamu, na zamu ile inayogeuka inapoteza hatua 1. Monitor mpeni pande 3 kwa zamu bila adhabu.

Kina cha maji kichoreni kwa rangi tatu. Virginia ilizama majini kama mita 6.7, Monitor kama mita 3.2. Maji ya chini ya mita 3.5 hakuna anayeingia. Kati ya 3.5 na 7 anaingia Monitor peke yake. Zaidi ya 7 wote wanapita. Kuizunguka Minnesota achieni pembesita 5 za maji ya Monitor tu, kwa sababu Virginia haikuweza kuisogelea karibu zaidi ya maili moja hivi. Ukanda huo ndio moyo wa mchezo. Monitor ikiumia inarudi ndani yake kupumua, na Virginia inabaki nje inanguruma.

Mizinga. Monitor ilikuwa na 2 ya inchi 11 ndani ya mnara unaozunguka, na kila mmoja ulichukua dakika 7 au 8 kujazwa. Kwa hiyo kila mzinga unapiga zamu moja na kupumzika zamu inayofuata. Ukiipokezanisha unapata risasi 1 kila zamu, kuelekea upande wowote. Virginia ilikuwa na mizinga 10: 4 kila ubavu, 1 wa omo (mbele) na 1 wa shetri (nyuma). Itupieni dadu 2 za kulenga kwa zamu ikiwa adui yuko ubavuni, dadu 1 akiwa mbele au nyuma.

Kulenga: pembesita ya jirani, 3 na zaidi inapata, umbali wa 2 au 3, lazima 5 na zaidi, umbali wa 4 mpaka 6, lazima 6. Zaidi ya hapo msitupe, mnapoteza muda.

Kutoboa: kila risasi ya Monitor iliyopata, tupa dadu 2, ni 12 pekee inayotoboa. Msiseme ni kali mno. Saa 4 ni zamu 48, na katika pambano lenyewe Monitor ilipata kama mara 20. Nafasi ya kupata 12 ni 1 kwa 36, hivyo katika mapambano mawili kama hayo mtapata kutoboa mara moja hivi. Nadhani kanuni yenu ya kwanza ilitaka 10 na zaidi. Hiyo ni nafasi 6 kwa 36, ambayo kwa risasi 20 inatoboa mara 3, na hapo Virginia haina maisha. Kwa upande wa Virginia msitupe dadu za kutoboa kabisa. Ilitoka bandarini na makombora ya kulipuka, haikuwa na risasi ngumu za kuvunja chuma, kwa sababu waliipanga kupiga meli za mbao. Anayetaka kuijaribu historia tofauti aipe risasi ngumu kwenye mizinga ya omo na shetri tu, kwa kanuni ileile ya 12.

Risasi iliyopata bila kutoboa nayo itupieni dadu 1, maana hapa ndipo usingizi unapoondoka. 1 mpaka 3: mbonyeo tu. 4: dohani imetobolewa, matundu 2 yanaondoa hatua 1, kwa sababu moto wa tanuri hauvuti hewa na mvuke unashuka. 5: mdomo wa mzinga umekatika, mzinga huo umekwisha. 6: kwa Virginia, bamba limepasuka, na risasi nyingine upande huo huo inatoboa kwa 11, kwa Monitor, chumba cha usukani kimepigwa, na meli inaelea zamu 3 bila amri. Hilo la mwisho ndilo lililompata nahodha Worden: kombora lilipasuka kwenye tundu la kuchungulia, likamtia upofu kwa muda, na Monitor ikajiondoa kwenye maji mafupi.

Muda: zamu 48 na basi. Minnesota ikipata mapigo 8 ya Virginia, Virginia imeshinda. Isipofika 8, Monitor imeshinda. Virginia ikikwama kwenye maji yasiyo yake, itupe 5 na zaidi kila zamu kujinasua.

Na onyo: msiiruhusu Virginia kugonga kwa mdomo wake wa chuma siku hii. Mdomo ulikatikia ndani ya Cumberland, meli ya mbao ya Kaskazini, siku iliyotangulia, Machi 8.

Swali: Rafiki yangu hapigi mizinga. Kila tukicheza mezani anakuja mbio kunigonga kwa omo na ananizamisha. Anasema Lissa walifanya hivyo. Ana haki? (Mdau wa Temeke)

Jibu: Ana nusu ya haki. Kule Lissa, kisiwa cha bahari ya Adriatiki, Julai 20, 1866, amirali Tegetthoff wa Austria alikuwa na manowari 7 za deraya dhidi ya 12 za Italia, akaamuru wagonge, na Erzherzog Ferdinand Max ikaipasua Re d'Italia ikazama kwa dakika chache. Ila muulize rafiki yako Re d'Italia ilikuwa inafanya nini wakati huo. Usukani wake ulikuwa umeharibiwa na ilikuwa imesimama karibu kabisa. Cumberland iliyogongwa na Virginia ilikuwa imetia nanga. Esmeralda ya Chile kule Iquique, Mei 21, 1879, ilikuwa na hitilafu ya boila na haikimbii, na bado Huáscar, manowari ya deraya ya Peru, iliigonga mara 3 ndipo ikazama. Siku hiyohiyo ya Lissa kulikuwa na majaribio mengi ya kugonga meli zinazotembea, mengi yakapita pembeni au yakaparuza.

Basi mwekee masharti. Anayelengwa awe na mwendo wa hatua 0 au 1, au usukani wake uwe umepigwa. Mgongaji awe amekwenda hatua 2 za mwisho bila kugeuka. Agonge ubavu, akigonga omo au shetri ni mparuzo, hakuna anayezama. Akitimiza yote, 4 na zaidi inazamisha. Kisha naye atupe dadu yake: 1 ina maana mdomo umekatika na maji yanaingia, 2 ina maana amenasa ndani ya aliyemgonga kwa zamu 1. Akikosa, anaendelea mbele hatua zake zote, hata kama mbele kuna fungu la mchanga au meli ya mwenzake.

Hilo la meli ya mwenzake usilisahau. Juni 22, 1893, nje ya Tripoli ya Lebanoni, Camperdown iliigonga Victoria katika mazoezi, zote za Uingereza, wakafa watu 358 akiwemo amirali Tryon. Kwenye ramani yenu, meli mbili za upande mmoja zikiwa jirani na moja ikageuka kuielekea nyingine, tupeni dadu, 1 zimegongana. Rafiki yako atajifunza kuacha nafasi.

Swali: Mnara unaozunguka au mizinga ya ubavuni, kipi bora? (Msomaji wa Tabata)

Jibu: Kwenye maji membamba, mnara. Kwenye bahari yenye mawimbi, ubavu. Warrior ya Uingereza ya 1860, yenye bamba la inchi 4.5 juu ya mbao za msaji za inchi 18, ilikwenda maili 14 za bahari kwa saa na ikavuka bahari bila wasiwasi. Monitor ilizama usiku wa kuamkia Desemba 31, 1862 ikivutwa kwa kamba karibu na Cape Hatteras, wakafa watu 16. Gemu lisilotofautisha mambo hayo mawili linakudanganya.

Swali: Ngome za adui bandarini zinanimaliza. Deraya si ndiyo kazi yake kuzikabili? (Msomaji wa Mbezi)

Jibu: Kuzikabili ndiyo, kuzivunja peke yake ni jambo jingine. Aprili 7, 1863 manowari 9 za deraya za Kaskazini zilikwenda kuipiga Fort Sumter, ngome ya Kusini kule Charleston. Kwa kama saa 2 zilipiga risasi 139 hivi, na ngome zikajibu kwa zaidi ya 2,000. Mojawapo, Keokuk, ilipigwa kama mara 90 ikazama asubuhi yake. Deraya ilizuia vifo vingi, ila mizinga mikubwa michache inayojazwa taratibu haiwezi kuzinyamazisha ngome nyingi kwa mara moja.

Linganisha na Kinburn, ngome ya Warusi kwenye Bahari Nyeusi, Oktoba 17, 1855. Wafaransa walileta majukwaa 3 ya deraya yanayoelea, wakayatia nanga karibu na ngome yakapokea risasi, huku kundi kubwa la meli nyingine likipiga kutoka pande tofauti. Ngome zikasalimu amri siku hiyohiyo. Katika gemu lolote, mezani au kwenye kompyuta, fanya hivyo: deraya ziwe shabaha, wengine wawe mkono. Chagua ngome moja ya pembeni ambayo nyingine haziifikii, imalize, kisha sogea. Na kama kuna mabomu ya majini, tanguliza kitu cha bei rahisi. Tecumseh, manowari ya deraya ya Kaskazini, iliingia ghuba ya Mobile Bay Agosti 5, 1864 ikiwa mbele ya wote, ikapita juu ya bomu moja, ikazama.

Swali: Shikamooni wahariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nataka kuchora ramani ya gemu la manowari kama hizi lakini liwe la kwetu, siyo la Marekani. Inawezekana? (Mwanafunzi, Mbagala)

Jibu: Marahaba mwanetu. Inawezekana sana, na huhitaji kwenda mbali: Rufiji, 1915. Enzi ya manowari za deraya zenyewe ilikuwa imekwisha, lakini meli mbili zilizoamua pambano lile, Severn na Mersey, zilikuwa wajukuu wa Monitor: bapa, nzito, taratibu, na kina chini ya mita 2. Zilijengwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazili. Kuja huku zilivutwa kutoka Malta mpaka Mafia, maana hazikuwa meli za bahari kuu.

Hali yenyewe ni hii. Meli ya Wajerumani Königsberg iliizamisha Pegasus bandarini Unguja Septemba 20, 1914, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Ilikuwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5, mitano kila ubavu, na kina cha zaidi ya mita 5. Waingereza walileta hata Goliath yenye mizinga ya inchi 12, lakini meli kubwa namna ile haikuweza kusogea karibu kiasi cha kuifikia. Ukubwa ukawa hauna kazi. Severn na Mersey ziliingia mtoni Julai 6, 1915 zikashindwa, Mersey ikapigwa na kutoka. Zikarudi Julai 11, zikiongozwa na ndege zilizoruka kutoka Mafia kuonyesha risasi zinaanguka wapi, na siku hiyo Königsberg ikaisha.

Sasa gemu. Zamu 1 iwe saa 1, na kitu cha kwanza kuchora kiwe maji kupwa na kujaa, kabla hujachora meli. Wewe wa Mbagala unajua bamvua lilivyo. Chukua tofauti ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa, ugawe kwa saa 6 kama wanavyokadiria mabaharia: saa ya kwanza maji yanapanda sentimita 25, ya pili 50, ya tatu 75, ya nne 75, ya tano 50, ya sita 25. Jumla 300. Kila mlango wa delta uandikie kina wakati wa kupwa, halafu uongeze maji ya saa hiyo. Mlango wenye mita 1 unapitika na meli ya mita 2 baada ya saa ya tatu, maji yanapokuwa yamepanda mita 1.5, na unafungwa tena maji yakishuka. Mchezaji wa Uingereza anapaswa kuingia, kupiga, na kutoka kabla ya kupwelewa. Asipotoka, anakaa pale pale saa kadhaa akipigwa.

Kupiga kwenyewe kufanye kuwe kwa kutoonana. Umbali ulikuwa kama kilomita 9 juu ya mikoko; hakuna aliyemwona mwenzake kutoka sitaha. Mwingereza bila ndege apate kwa 6 tu, na ndege ikiwa juu apate kwa 4 na zaidi. Mjerumani naye awe na waangalizi 3 waliofichwa ufukweni, umeandika mahali pao kwenye karatasi iliyokunjwa: mwangalizi akiwa ndani ya pembesita 2 za adui, apate kwa 4, waangalizi wakigunduliwa wote, 6. Ndege iangushwe Mjerumani akipata 6 mbili kwa mpigo. Ukikosea hapa, utakosea kwa kumpa Mwingereza ndege nyingi mno. Mpe 2, basi.

Kama unafikiria pia vita vya Unguja vya Agosti 27, 1896, achana navyo. Glasgow, meli ya sultani, ilizamishwa palepale bandarini na vita vyote vikaisha chini ya saa moja. Mchezaji mmoja atakuwa hana la kufanya ila kutazama.

Swali: Manowari yangu moja ya deraya inalinda mlango wa mto. Adui ana boti ndogo tu. Nitulie? (Msomaji wa Kimara)

Jibu: Usitulie, na usitoke kuzikimbiza. Kwa kukimbiza: Mei 21, 1879 Independencia ya Peru, ya deraya, iliifukuza Covadonga ndogo ya Chile karibu na ufuko wa Punta Gruesa. Covadonga ilipita kwenye maji mafupi, Independencia ikapanda mwamba, na Peru ikapoteza nusu ya nguvu yake ya deraya baharini bila adui kuitoboa. Kwa kutulia: Albemarle, manowari ya deraya ya Kusini kule Marekani, ilikuwa imefungwa gatini usiku wa Oktoba 27, 1864, imezungushiwa magogo, Cushing, luteni wa Kaskazini, akaja na boti ndogo yenye bomu kwenye ncha ya mti mrefu, akapita juu ya magogo akaitoboa chini ya maji.

Zungushia magogo safu mbili, ya nje umbali wa pembesita 1 kutoka ya ndani, weka boti 2 za doria usiku, na sogeza manowari mahali papya kila jioni giza likishaingia.